Picha Elfu Tisa za Januari

Siku Muzehe Cyriaque Ndihokubwayo alipokwenda kupasuliwa mtoto wa jicho, alimwachia Alida funguo za studio na agizo moja tu: mtu yeyote asiegemee lile pazia la mandhari, kwa sababu fimbo yake imelegea. Juu ya picha elfu ishirini na sita zilizokuwa ndani ya kompyuta hakusema neno. Labda hakuona kama kuna la kusema. Daktari alikuwa amemwambia kwamba baada ya kupasuliwa atakaa nyumbani wiki tatu, asiiname, asikae penye vumbi, asitazame skrini. Akavaa helmeti ya pikipiki, akashuka ngazi taratibu akipapasa ukuta, akaenda hospitali kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Studio ilikuwa Muhima, juu ya duka la rangi, kwenye barabara inayoteremka kwenda stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Ukifungua dirisha unasikia wapiga debe wakiita Huye na Musanze, na harufu ya rangi ya mafuta inapanda mpaka kwenye chai yako. Alida Kamikazi alikuwa amefanya kazi pale miaka tisa. Yeye alipiga picha za pasipoti, akasafisha picha za wateja, akafunga albamu. Kompyuta kubwa ya chumba cha ndani, yenye maktaba ya picha zote tangu mwaka 2008, ilikuwa ya Muzehe, na hakuna aliyeigusa ila yeye. Wote wawili walikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ingawa kwa miaka iliyopishana sana, na ndiyo maana wakiwa peke yao walisema Kiswahili, na Kinyarwanda wakakiweka kwa ajili ya wateja.

Wiki ya kwanza haikwisha kabla ya aibu kumkuta. Alikuja bwana mmoja wa makamo akitaka picha aliyopigwa siku ya mahafali yake. Zamani mteja kama huyo angemweleza Muzehe mambo mawili matatu, Muzehe angefumba macho kidogo, kisha angeingia ndani na kutoka na picha kabla chai haijapoa. Alida aliingia ndani na kukaa mbele ya kompyuta. Mafolda yalikuwa yamejipanga pale na majina yake: "Ng'ombe alikimbia". "Soksi nyekundu". "Mvua tena". "Mvua tena 2". "Wale wazuri wa Musanze". Akafungua moja, akakuta mamia ya picha zenye majina ambayo kamera yenyewe huyatoa, DSC na tarakimu nne. Kamera ile ikifika 9999 huanza tena moja, kwa hiyo alipotafuta DSC_0417 zilimjia picha nne: bibi harusi, ng'ombe, keki, na kidole gumba cha Muzehe.

Baada ya nusu saa yule bwana alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Haina shida," akasema kwa upole. "Nitarudi mwenyewe akiwepo."

Upole ule ndio uliomuuma. Miaka tisa, na bado mwenyewe ni mtu mwingine. Alida alikuwa mtu wa kupanga. Nyumbani kwake hata vifuniko vya sufuria vilikuwa na zamu yao ukutani. Jumatatu ya wiki ya pili akakunja mikono ya sweta, akakaa kwenye kiti cha Muzehe, akajiambia kwamba mzee akirudi atakuta maktaba ambayo hata mtoto wa shule anaweza kupata picha ndani yake.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na aliufikiria vizuri. Kila picha hubeba ndani yake tarehe ya siku ilipopigwa. Akatoa picha zote kwenye mafolda yake ya mvua na soksi, akazimwaga mahali pamoja, akaiambia programu izipange kwa tarehe na kuzipa majina mapya: mwaka, mwezi, siku, kisha namba. Mafolda matupu akayafuta. Kompyuta ilinguruma muda mrefu. Saa kumi jioni kazi ilikwisha. Diski ya akiba, ambayo kila jioni hunakili kilichomo kwenye kompyuta jinsi kilivyo, nayo ikanakili mpango mpya na kuufuta wa zamani. Alida akazima taa, akafunga mlango, akateremka ngazi akiimba.

Jumanne asubuhi akafungua maktaba ili aitazame tu, kama mtu anavyofungua kabati aliloligonga misumari mwenyewe. Mwaka 2017 ulikuwa safi. Mwaka 2020 ulikuwa safi. Ndipo alipofika tarehe mosi Januari 2008, akakuta picha elfu tisa mia moja na sita.

Alizitazama asielewe. Hakuna mpiga picha duniani aliyepiga picha elfu tisa kwa siku moja. Bibi harusi mnene akafuatiwa na bibi harusi mwembamba, kisha mzee mwenye fimbo, kisha bibi harusi wa tatu akiwa ameshika shada la yule wa kwanza, au la kufanana nalo. Polepole akakumbuka. Kamera ya zamani, ile nyeusi iliyofungwa kwa utepe wa gundi! Saa yake ya ndani ilikuwa imekufa. Kila Muzehe alipotoa betri kuichaji, kamera ilirudi tarehe mosi Januari 2008 na kuanza kuhesabu upya. Kwa miaka saba harusi zote za kamera ile zilitokea siku hiyo hiyo, saa zile zile. Yale mafolda ya kuchekesha ndiyo yaliyokuwa yamezitenganisha, na yeye ameyafuta. Sasa mabibi harusi wa miaka saba walikuwa kwenye karamu moja, na hakuna aliyemjua bwana wake.

Alida aliweka mikono kichwani. "Yewe," akasema kwa sauti. Kutoka chini, mwenye duka la rangi akauliza kama kuna kilichoanguka.

Jumatano saa nne akaja mama mmoja wa miaka arobaini na kidogo, mwenye miwani na mkoba wa kazi, akajitambulisha kwa Kinyarwanda, kisha akasikia Alida akizungumza Kiswahili kwenye simu na kubadili lugha mara moja, uso ukachangamka.

"Mimi naitwa Winifred. Nimekulia Karagwe, Tanzania, kwa hiyo hapa umenifikisha nyumbani. Dada yangu, nina shida ya picha."

"Karibu ukae. Picha ya nini?"

"Ya mama. Jumapili hii anatimiza miaka sabini na mitano. Watoto wote tutakuwepo, hata kaka yangu Kenny anatoka Kampala. Nataka picha yake kubwa ya kuweka ukutani. Lakini nyumbani kwetu hakuna picha hata moja ambayo mama anacheka. Zote amefunga mdomo hivi." Winifred akabana midomo yake mpaka ikawa mstari. "Ana pengo la meno ya mbele, mawili ya juu, tangu nikiwa mdogo. Akicheka huweka mkono. Basi siku ya harusi yangu, mwaka 2011, mzee wenu alimpiga picha akiwa anacheka mdomo wazi. Nilimsikia mama akimwambia, ifute hiyo, ifute sasa hivi. Ila yule mzee hana sura ya mtu anayefuta picha."

"Hana," Alida akakubali.

"Basi nitafutie. Jina lake ni Mugeni."

Alida alitamani kumwambia ukweli. Mdomo ukafunguka wenyewe na kusema, "Pita Jumamosi, mama." Kisha akakaa akijichukia hadi saa ya chakula.

Mwaka 2011. Kamera yenye utepe wa gundi. Picha ile, kama ipo, ilikuwa kwenye Januari.

Alianza kuzipitia moja moja. Jumatano yote, na Alhamisi asubuhi, huku mvua ikipiga bati na wateja wa pasipoti wakimkatiza kila baada ya dakika kumi. Alikuwa amefika picha ya elfu moja na mia mbili, na macho yamekuwa kama ya mtu aliyemenya vitunguu, wakati kipanya kilipomteleza na kubonyeza alama ndogo pembeni ya skrini ambayo hakuwahi kuigusa. Likafunguka dirisha jembamba lenye maelezo ya picha. Jina la faili: lile alilolitoa yeye. Tarehe: ile ya uongo. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, "Kichwa", na kwenye mstari huo kulikuwa na maneno.

"Bwana harusi iko natafuta kiatu. Kiatu iko na mbwa."

Alida alitazama picha. Kweli, bwana harusi alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, soksi moja imelowa. Pembeni kabisa, pale ambapo yeye aliona kivuli tu, kulikuwa na mkia wa mbwa.

Akaruka picha kadhaa. "Shangazi nahesabu fanta." Nyingine: "Bibi harusi nakura keki, watu bado kuitwa." Nyingine, ya padre mmoja aliyekaa kwenye kiti cha mbele akiwa ameinamisha kichwa kwa ibada: "Padre nalara."

Alicheka peke yake mpaka mteja wa pasipoti akachungulia mlangoni. Muzehe aliandika kama alivyosema, l na r zikibadilishana viti, Kiswahili cha Buyenzi kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa cha shule. Lakini aliandika! Jina la faili ni kitu cha nje, kama namba ya mlango. Ukiibadilisha, nyumba haijui. Kichwa kilikuwa kimeandikwa ndani ya picha yenyewe, na vurugu zote za Jumatatu hazikukigusa.

Akasogeza kiti. Programu ilikuwa na kisanduku cha kutafuta kinachosoma vichwa. Akaandika "Winifred". Hakuna. Akaandika "Mugeni", akabonyeza, na skrini ikajaa magauni meupe. Ilimchukua sekunde mbili kuelewa, kisha akajipiga paji la uso. Mama wa watu anaitwa Mugeni, na mugeni kwa Kinyarwanda na Kirundi ni bibi harusi. Alikuwa ameiomba maktaba ya harusi imletee mabibi harusi, nayo imemletea wote ambao Muzehe amewaandika kwa Kirundi.

Basi afikiri kama Muzehe. Muzehe hamjui mtu kwa jina, anamjua kwa analofanya. Akaandika "cheka".

Zikaja picha mia tatu na kumi na mbili, na hapo Alida akasahau kwa muda kwamba ana haraka. Watu mia tatu walikuwa wakicheka kwa pamoja. Mabibi waliovaa mishanana ya kutupia begani, vijana wenye tai zilizopinda, dereva mmoja aliyelalia honi ya gari kwa kicheko, mtoto aliyechekea bakuli la wali. Alikuwa amekaa miaka tisa chumba cha pili, akisafisha zile picha ambazo wateja huzichagua, na wateja huchagua zile walizosimama wima. Hizi hakuna aliyezichagua. Muzehe alibaki nazo.

Ya mia mbili na kitu ilikuwa imepigwa mshazari, kutoka chini, kana kwamba mpiga picha amelala. Mama wa miaka sitini, mushanana wa kijani, ameshika sinia la glasi kwa mikono miwili, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujificha. Kichwa amekitupa nyuma. Pengo liko wazi, machozi yanamtoka, mwili mzima unacheka. Glasi mbili zilikuwa hewani.

Kichwa cha picha kilisema: "Mama wa kijani nacheka mimi. Nimeangukia beseni ya fanta. Nzuri kuliko zote za mwaka. HAPANA ONYESHA MUTU. Nilimuahidi."

Furaha ya Alida ilisimama hapo hapo. Picha ameipata. Na hawezi kuitoa.

Ijumaa mchana alifunga studio mapema, akapanda pikipiki kwenda Gatsata. Alimkuta Muzehe kibarazani kwake, amevaa miwani myeusi mikubwa, redio pajani, mguu mmoja juu ya mwingine kama mkuu wa wilaya.

"Nani huyo? Alida? Usisimame juani. Jicho hili jipya linaona mpaka mawazo ya mtu. Wamenikataza kulitumia tu."

"Muzehe, nimekuja kuungama."

Akamweleza yote, tangu yule bwana wa mahafali mpaka Januari. Alipofika kwenye mafolda, Muzehe akazima redio.

"'Ng'ombe alikimbia'?"

"Haliko."

"'Mvua tena'?"

"Yote mawili hayako, Muzehe."

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba folda lingekuwa humo, akaivaa tena. "Miaka kumi na sita," akasema. Sauti yake haikupanda, na Alida angependa zaidi ipande.

"Nisamehe. Nilitaka upate kitu kizuri ukirudi. Nilidhani naelewa. Lakini Muzehe, vichwa vipo. Vyote. Nimevisoma."

Miwani myeusi ikamgeukia ghafla. "Umevisoma?"

"Si vyote."

"Kile cha padre?"

"Kile cha padre nimekisoma."

Mzee aliona haya, Alida alimwona akiona haya, mashavu yakamvimba kwa kujizuia, kisha wote wawili wakalipuka kicheko mpaka mke wa Muzehe akatoka jikoni na mwiko kuuliza nini kimetokea.

Kicheko kilipotulia, Muzehe akaeleza. Miaka mitano iliyopita aliamka akaona ukungu kwenye jicho la kulia, kisha na la kushoto. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alikuja studio saa moja kabla ya Alida, akafungua picha za zamani, akaandika ndani yake kinachoonekana. "Nikajisemea, haya macho yakikufa kabisa, nitamwomba mtu anisomee. Nitakaa hapa kibarazani nitaziona zote. Tangu 2008 nimefika elfu sita hivi. Zile za kusimama wima sikuziandika, zile hata kipofu anazijua."

Alida akamshika mkono.

"Sasa," akasema Muzehe akijifuta chini ya miwani, "umesema kuna mteja."

"Yule mama wa kijani. Beseni ya fanta. Binti yake anaitaka ya ukutani, Jumapili, na mama hajui."

Muzehe akafikiri. "Binti ana sherehe yake. Lakini ule uso ni wa mama, na ahadi ni yangu mimi. Mpigie simu binti. Kesho nitakwenda kuomba mwenyewe."

Winifred hakufurahi. Kwenye simu alisema, "Dada, mnaniharibia. Ilikuwa iwe ghafla. Mkimwuliza atakataa, namjua." Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na dhamiri yake, "Haya. Njooni saa tisa. Lakini akikataa, keki mtakula nyinyi."

Ikatokea kwamba Winifred na mama yake waliishi mteremko mmoja chini ya nyumba ya Muzehe, hatua mia mbili hivi, na kwa miaka yote hiyo hawakujuana. Jumamosi saa tisa Alida alimshika mzee mkono na kuteremka naye, bahasha ya picha kwapani. Bi Mugeni aliwapokea kwenye sebule iliyokuwa tayari na viti vya plastiki vya kesho. Alikuwa amekonda kuliko kwenye picha, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Winifred alisimama mlangoni amekunja mikono. Wakaletewa chai ya maziwa.

"Mama," Muzehe akaanza, akivua kofia, "mimi ni mpiga picha wa harusi ya huyu binti. Mimi ndiye niliyeangukia beseni."

Bi Mugeni akamtazama. Mkono wake ukapanda mdomoni wenyewe, mabega yakaanza kutikisika. "Mungu wangu. Suruali nyeupe!"

"Suruali nyeupe, mama. Ilikuwa mpya. Siku ile uliniambia nifute picha, nikasema ndiyo, hakuna mtu atakayeiona. Sikufuta. Lakini sijaionyesha kwa mtu miaka kumi na mitatu. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuuliza. Ukisema nifute leo, huyu Alida atafuta mbele yako, na kwenye akiba pia."

Bi Mugeni aliishusha mikono pajani, akaangalia bahasha, akamwangalia binti yake, akaelewa kila kitu, kama akina mama wanavyoelewa. "Ilete," akasema.

Alida aliitoa. Bi Mugeni akaishika mbali, kisha karibu, kisha akaomba miwani ya Winifred na kuivaa. Alikaa nayo muda ambao Alida aliuona mrefu kuliko Januari yote. Midomo yake ilibanwa, mstari ule ule. Alida akajiandaa kuombwa aifute.

"Huyu si mimi," Bi Mugeni akasema.

"Ni wewe, mama," Winifred akasema kwa uchovu.

"Huyu ni mama yangu." Akageuza picha ili wote waione, kana kwamba hawakuwa wameiona. "Nyanya yako, Winifred. Tazama jinsi alivyotupa kichwa. Alicheka hivi hivi, na pengo hili hili, maana naye yalimtoka haya mawili. Tulimzika Karagwe kabla hujazaliwa, na hatukuwa na picha yake. Hata moja. Nimekuwa nikisahau. Asubuhi nyingine najaribu kumwona na inakuja sura ya mtu mwingine." Akaipapasa karatasi kwa kidole gumba. "Alikuwa humu wakati wote, na mimi namfunika kwa mkono."

Winifred alikunjua mikono, akauacha mlango, akaja akapiga magoti kando ya kiti, na vichwa viwili vikainama juu ya picha moja. Muzehe alikuwa anauliza kwa kunong'ona, "Amesemaje? Anafanya nini sasa?" kwa sababu nyuma ya miwani ile hakuona vizuri, na Alida akamweleza sikioni, neno kwa neno, kama mtu anayesoma kichwa cha picha.

"Itoe kubwa," Bi Mugeni akasema mwisho. "Kubwa kabisa. Na nataka nyingine ndogo, ya kwangu."

Kwa hiyo Jumapili mama wa kijani alining'inia ukutani, urefu wa mlango mzima, na watu walioingia na nyuso za heshima walimwona, wakasita, kisha wakaanza kucheka kabla hata ya kusalimia. Kenny wa Kampala alisimama mbele yake na sahani ya wali akilia na kula kwa wakati mmoja. Bi Mugeni aliulizwa mara arobaini ilikuwaje, na mara arobaini alisimulia habari ya beseni, na kila mara suruali ilizidi kuwa nyeupe. Hakuweka mkono mdomoni. Mara moja ulianza kupanda, akauona, akauteremsha. Muzehe alikalishwa kiti cha heshima, akaletewa fanta, na shangazi mmoja akasema isiwekwe karibu naye.

Jumatatu iliyofuata wiki ya tatu, Muzehe alirudi kazini na jicho lake jipya. Alikuwa amekubaliana na Alida: nje ya kila picha atakaa yeye Alida na tarehe zake, ndani atakaa Muzehe na maneno yake, na ile Januari wataitenganisha pamoja, harusi moja moja, Alida akisoma kwa sauti na mzee akikumbuka. Akakaa kwenye kiti chake, akakohoa, akasema yuko tayari. Alida akafungua harusi ya mwisho waliyopiga kabla ya upasuaji, ili waanze na kitu chepesi.

Mzee akasogeza uso kwenye skrini. Akarudi nyuma. Akafunga jicho la zamani, akatazama kwa lile jipya.

"Alida. Kwa nini hawa watu ni bluu?"

"Bluu vipi, Muzehe?"

"Bluu! Gauni bluu, meno bluu, mchungaji bluu kama duka la chini. Nani alitengeneza rangi hii?"

"Wewe. Unazitengeneza hivyo kama miaka mitatu sasa."

Muzehe aliigeukia albamu ya maonyesho mezani, akaifungua, akafunua kurasa moja baada ya nyingine kwa jicho moja. Ukungu wa macho ulikuwa umempakia dunia yote umanjano, naye kwa uaminifu wake wote alikuwa akiuondoa, harusi baada ya harusi, mpaka akavuka ng'ambo.

"Na wewe ulikuwa unaziona?"

"Kila siku."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ni mtindo," Alida akasema. "Wateja walisema ni ya kisasa. Wengine walikuja kwa sababu hiyo."

Mzee alimtazama muda mrefu kwa lile jicho linaloona mpaka mawazo ya watu. Kisha akafunga albamu, akavuta kibodi karibu, na kwa vidole viwili, polepole, akaanza kuandika kichwa cha picha ile. Alida akainama juu ya bega lake asome, na alipofika neno la tatu alilazimika kushika kiti kwa kicheko.